Wiki Tatu na Daftari Moja: Mwongozo Kamili wa Kupitia Saikolojia ya Mwaka wa Kwanza

Kila muhula hakosekani mwanafunzi huyu. Kitabu chake cha saikolojia kimepakwa rangi ya njano kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, madondoo ameyasoma mara tano, na usiku wa kuamkia mtihani hakulala. Akitoka kwenye chumba cha mtihani utamsikia: "Maswali yalikuwa ya kawaida tu, ila majibu yote yalikuwa yanafanana!"

Amesema kweli bila kujua. Saikolojia ya utangulizi si ngumu kuelewa, lakini imejaa mapacha: uimarishaji hasi na adhabu, hisi na utambuzi, kufuata mkumbo na kutii amri. Mtihani hauulizi kama umewahi kulisikia neno. Unauliza kama unaweza kulitenga na pacha wake wakati yamesimama pamoja kwenye A, B, C na D. Kwa hiyo kupitia somo hili ni kazi ya kutenganisha, na kusoma tena na tena hakukufundishi kutenganisha.

Mwongozo huu ni wa wiki tatu, saa moja na nusu kwa siku. Unamfaa mwanafunzi wa ualimu, uuguzi au ustawi wa jamii, na yeyote aliye mwaka wa kwanza chuo kikuu ambaye somo hili limo kwenye ratiba yake.

Hatua ya 1: Jipime kabla ya kufungua kitabu

Siku ya kwanza usisome chochote. Chukua karatasi tupu, andika majina ya mada zako: mbinu za utafiti, ubongo na neva, hisi na utambuzi, kujifunza, kumbukumbu, makuzi, haiba, saikolojia ya jamii, matatizo ya akili. Chini ya kila mada andika yote unayoyakumbuka kwa dakika 40, kitabu kikiwa kimefungwa. Mada nyingine itabaki na mistari miwili, na utaona aibu. Hiyo aibu ni habari muhimu, maana imekuonyesha muda wako uende wapi. Itunze karatasi hiyo, tutairudia.

Kwa nini kuanza na mtihani? Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Kundi moja lilisoma kifungu kisha likakisoma tena. Kundi la pili lilisoma mara moja, kisha likafunga na kuandika lililokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliosoma mara mbili walikuwa mbele, 81% dhidi ya 75%. Walipopimwa baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliosoma mara mbili 42%, waliojipima 56%. Angalia mtego uliomo humo. Ukisoma tena na tena unajisikia umeiva, na kwa dakika tano zijazo umeiva kweli. Mtihani wako hauko dakika tano zijazo.

Hatua ya 2: Daftari la safu tatu

Nunua daftari moja kubwa, gawa kila ukurasa safu tatu kwa rula.

Safu ya kwanza ni neno kama litakavyotokea kwenye karatasi ya mtihani. Kwa wengi wetu litakuwa la Kiingereza, basi liandike hivyohivyo na tahajia yake. Safu ya pili ni maelezo yake kwa Kiswahili chako, kile ambacho ungemwelezea mama yako jikoni akakuelewa. Safu ya tatu ni mfano kutoka mtaani kwenu. Hapa sheria ni moja: mfano wa mwalimu au wa kitabu hauruhusiwi. Ukishindwa kupata mfano wako mwenyewe, dhana hujaielewa, hata kama unaweza kuikariri kwa macho yaliyofumbwa.

Wengi huiruka safu ya pili kwa kuwa mtihani ni wa Kiingereza. Ni kosa. Ukiwa na neno la Kiingereza na maelezo ya Kiingereza uliyoyanakili, unaweza kumaliza muhula mzima ukihamisha maneno kutoka ubaoni hadi kwenye karatasi bila kupita kichwani.

Hatua ya 3: Panga siku ukijua utasahau

Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha matokeo. Alipima muda anaookoa anapojifunza orodha ileile kwa mara ya pili. Baada ya saa moja alikuwa anaokoa 44% tu. Baada ya siku moja, karibu theluthi. Baada ya siku 31, karibu moja ya tano. Ukitazama namba hizo utaona kwamba kusahau kwingi hutokea mwanzoni kabisa, kisha kasi inapungua.

Kwa hiyo kila mada iguse mara nne: siku unayoisoma, kesho yake au keshokutwa, baada ya wiki, na mwishoni mwa wiki ya tatu. Mguso wa kwanza ni wa saa nzima. Iliyobaki ni dakika 15 za kuziba safu ya pili na ya tatu kwa karatasi na kuzisema kwa sauti. Wiki ya kwanza maliza utafiti, ubongo na kujifunza. Wiki ya pili kumbukumbu, hisi na makuzi. Wiki ya tatu mada zilizobaki, na marudio ya zote kwa kuchanganya. Usipitie kujifunza peke yake siku nzima halafu kumbukumbu peke yake. Mtihani utakuja umechanganya, nawe zoea kuchanganya.

Hatua ya 4: Anza na mbinu za utafiti, hata kama zinachosha

Mada hii hakuna anayeipenda, na hakuna mada nyingine inayoingia kwenye kila swali kama hii. Mambo matatu yakikaa, umeokoka.

La kwanza: uhusiano si sababu. Tuseme umekuta kwamba vijiji vyenye vyandarua vingi ndivyo vyenye malaria nyingi. Je, chandarua kinaleta malaria? Hapana, vyandarua vinapelekwa penye mbu. Kila ukiona vitu viwili vinapanda pamoja, jiulize maswali mawili: je, mshale unaweza kuelekea upande wa pili? Je, kuna kitu cha tatu kinachovivuta vyote? Kipimo cha uhusiano huanzia -1 hadi +1, na alama ya kutoa haimaanishi uhusiano ni dhaifu. Uhusiano wa -0.8 una nguvu kuliko wa +0.3. Swali hilo hutoka na watu huanguka.

La pili: kigeu huru na kigeu tegemezi. Kigeu huru ndicho mtafiti anachokichezea, kigeu tegemezi ndicho anachokipima. Kwenye jaribio la Roediger na Karpicke, kigeu huru ni namna ya kusoma, na tegemezi ni kiasi kilichokumbukwa. Fanya hivyo kwa kila jaribio utakalokutana nalo kuanzia leo.

La tatu: kuchagua kwa nasibu na kugawa kwa nasibu. Kuchagua ni kuwapata watu kutoka kwenye jamii kubwa, na kunakuruhusu kusema matokeo yanawahusu wengine. Kugawa ni kuwapanga uliokwisha kuwapata kwenye makundi, na ndiko kunakokuruhusu kusema "hiki kimesababisha kile". Utafiti unaweza kuwa na kimoja ukakosa kingine.

Hatua ya 5: Ubongo kwa mchoro, si kwa orodha

Chora niuroni moja (yaani seli ya neva) kubwa, ukurasa mzima. Dendraiti hupokea, aksoni hupeleka, sinapsi ni pengo kati ya niuroni na jirani yake. Ndani ya niuroni habari husafiri kwa umeme. Kwenye pengo huvuka kwa kemikali, kama dopamini na serotonini. Niuroni hurusha ujumbe au hairushi kabisa, kama kijiti cha kiberiti: hakuna kuwaka nusu. Kichocheo kikiwa kikali, niuroni haiwaki kwa ukubwa zaidi, bali hurusha mara nyingi zaidi.

Neva za dharura na neva za utulivu zitenganishe kwa picha mbili. Mbwa wa jirani amekukimbiza: moyo unadunda, mboni zimepanuka, mate yamekauka, tumbo limesimamisha kazi. Umemaliza sahani ya pilau, umeegemea mkeka: moyo umepoa, tumbo linasaga. Huhitaji orodha, tumia mwili wako kukumbuka.

Kwa sehemu za ubongo, shika wagonjwa kuliko ramani. Paul Broca mwaka 1861 alieleza mgonjwa aliyeelewa anachoambiwa lakini aliweza kutamka silabi moja tu, "tan". Carl Wernicke mwaka 1874 alieleza wagonjwa wa kinyume: maneno yanatiririka, lakini hayana maana, na wao wenyewe hawaelewi vizuri wanachoambiwa. Broca ni mlango uliokwama, Wernicke ni bomba lililo wazi likitoa maji machafu. Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani, alitobolewa fuvu na nondo mwaka 1848, sehemu ya mbele ya ubongo ikaharibika, akaishi hadi 1860. Huyu hutumika kueleza kuwa sehemu ya mbele inahusika na kupanga na kujizuia. Simulizi za jinsi alivyogeuka mtu mwingine kabisa zimetiwa chumvi mno, basi usizikuze zaidi kwenye insha yako.

Hatua ya 6: Kujifunza, na hapa usiwe na haraka

Kama una siku moja tu ya ziada, itumie hapa.

Tuanze na Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, si kwa saikolojia bali kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walianza kudondosha mate kabla chakula hakijafika, na hapo ndipo alipoona jambo. Ulete mtaani: muuza aiskrimu wa baiskeli anapita na kengele yake. Mara ya kwanza mtoto anaisikia, kengele ni kichocheo bubu, haimwambii chochote. Aiskrimu ni kichocheo cha asili, mate mdomoni ni mwitikio wa asili, hakuna aliyefundishwa. Baada ya siku kadhaa kengele ikilia tu, mate. Sasa kengele ni kichocheo kilichofunzwa na mate hayo ni mwitikio uliofunzwa. Njia ya kutokosea: tafuta kwanza kile ambacho hakuhitaji kufundishwa. Ukikipata hicho, vingine vinajipanga vyenyewe.

Muuza aiskrimu akipita wiki nzima na kengele bila aiskrimu, mate yatapotea. Huko ni kuzimika. Akipumzika siku chache kisha kengele ikalia, mate kidogo yatarudi, kwa sababu kuzimika si kufutika. Mtoto akianza kushtukia hata kengele ya shule, hapo mwitikio umeenea. Wahenga walikwishalisema la kuenea kabla ya maabara: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwaka 1920 John Watson na Rosalie Rayner walimfanyia hivyo mtoto mchanga waliyemwita Albert. Walimwonyesha panya mweupe huku wakigonga chuma kwa nyundo nyuma yake, hadi akamwogopa panya, na hofu ikaenea kwa sungura. Leo hakuna kamati ya maadili itakayoruhusu hilo, na wasahihishaji hupenda ulitaje.

Sasa B. F. Skinner, aliyechunguza jinsi matokeo ya tabia yanavyoibadilisha tabia hiyo, na pacha wanaowaangusha wengi kuliko wote. Weka pembeni maana ya kila siku ya "chanya" na "hasi". Hapa chanya ni kuongeza kitu, hasi ni kuondoa kitu, basi. Haina uhusiano na uzuri au ubaya. Uimarishaji hufanya tabia izidi, adhabu huifanya ipungue. Kwa hiyo kila kisa kiulize maswali mawili kwa mpangilio huu: tabia imezidi au imepungua? Kitu kimeongezwa au kimeondolewa?

Jaribu na mita ya LUKU. Yuniti zinakaribia kuisha, mita inaanza kupiga mlio usioisha. Unanunua umeme, unaingiza namba, mlio unakatika. Mwezi unaofuata unanunua mapema. Tabia ya kununua umeme imezidi, kwa hiyo ni uimarishaji. Kitu kimeondolewa, yaani mlio, kwa hiyo ni hasi. Uimarishaji hasi, na hakuna aliyeadhibiwa. Mtoto aliyenyang'anywa simu kwa sababu ya kuchelewa kurudi, akaacha kuchelewa: tabia imepungua, kitu kimeondolewa, adhabu hasi. Kiboko kikiongezwa na utoro ukapungua: adhabu chanya, ingawa hakuna kitu chanya ndani yake. Zawadi ya pipi kwa mtoto aliyeoga bila kulia, na kesho akaoga tena: uimarishaji chanya.

Tahadhari: kama kiboko kimetembea na utoro haukupungua, kwa lugha ya Skinner hapo hakuna adhabu iliyotokea. Matokeo ndiyo huamua jina, si nia ya mwalimu.

Ratiba za uimarishaji, yaani zawadi huja baada ya nini na lini, zimo mtaani kote. Mchuma kahawa anayelipwa kwa kila debe yuko kwenye idadi maalumu. Anayebeti yuko kwenye idadi isiyotabirika: huenda mkeka wa tatu ukashinda, huenda wa mia, na ndiyo maana tabia hiyo haikatiki kirahisi. Mitihani ya mwisho wa muhula ni muda maalumu, na matokeo yake unayajua: maktaba ni tupu wiki ya tatu, wiki ya mwisho hakuna kiti. Kuchungulia simu ukisubiri ujumbe ni muda usiotabirika. Unachungulia polepole lakini huachi.

Albert Bandura aliwaonyesha watoto mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa plastiki, na watoto wakampiga vivyo hivyo, bila wao kuzawadiwa. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1961. Kwa Kiswahili umeshausikia: mwana wa mhunzi asiposana huvukuta.

Hatua ya 7: Kumbukumbu

Anza na swali la namba ya simu. Ukisomewa tarakimu kumi mfululizo zinamwagika. Ukisomewa kwa vipande vitatu zinakaa, na kama mwanzo wake ni wa mtandao unaoujua, tarakimu hizo hazili nafasi kabisa. George Miller mwaka 1956 aliandika kuwa kumbukumbu ya muda mfupi hubeba vitu saba, kuzidi au kupungua viwili, na "kitu" hapo ni kipande, si tarakimu. Watafiti wa baadaye wameishusha hadi karibu vinne. Kitabu chako kikisema saba, jibu saba.

Kisha mshike Henry Molaison, aliyejulikana kwa herufi H.M. hadi alipofariki mwaka 2008. Mwaka 1953 alifanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa, na sehemu kubwa ya hipokampasi (sehemu iliyo ndani ya ubongo) za pande zote mbili ikaondolewa. Tangu hapo hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio. Lakini Brenda Milner alipompa kazi ya kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, alizidi kuwa stadi siku hadi siku, huku kila siku akisema hajawahi kuifanya. Mtu mmoja anakutenganishia mambo matatu: kumbukumbu ya kujua na kumbukumbu ya kufanya ni mbili tofauti, hipokampasi huunda kumbukumbu mpya za kujua, na kushindwa kuunda mpya si sawa na kupoteza za zamani.

Kuingiliana kwa kumbukumbu kutenganishe kwa namba ya siri. Umebadilisha namba ya siri ya simu, lakini kila mara vidole vinaandika ile ya zamani: ya zamani inaizuia mpya (proactive interference). Baada ya mwaka ukiulizwa ya zamani hujui tena: mpya imeifunika ya zamani (retroactive interference). Liangalie jina la kila moja uone ni kumbukumbu ipi imeharibu ipi, usikariri tu.

Jaribio moja la kukariri na namba zake ni la Elizabeth Loftus na John Palmer, 1974. Watu walitazama filamu za ajali, kisha wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipopondana", wengine "yalipogusana". Wa kwanza walikadiria zaidi ya maili 40 kwa saa, wa pili karibu 32. Katika jaribio la pili, wiki moja baadaye, watu 16 kati ya 50 walioulizwa kwa neno la kupondana walidai waliona vioo vilivyovunjika. Walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana walikuwa 7 kati ya 50. Kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika. Kila aliyewahi kusikiliza mashahidi wa ajali ya bodaboda barabarani anaelewa.

Hatua ya 8: Hisi na makuzi

Hisi ni mwili kupokea. Utambuzi ni akili kuipa maana. Mwandiko wa daktari unaingia machoni mwa mfamasia na mwako sawasawa, ila yeye anausoma. Kanuni ya Weber iweke hivi: ongeza nusu kilo kwenye kilo moja ya sukari, mkono unajua, ongeza nusu kilo kwenye mfuko wa saruji wa kilo 50, hata kuli hatambui. Kinachohesabika ni uwiano, si kiasi. Hapo songa mbele.

Kwenye makuzi, Jean Piaget unaweza kumfanyia mazoezi nyumbani. Mimina uji kutoka kikombe kipana kwenda bilauri nyembamba mbele ya mtoto wa miaka minne, muulize wapi kuna mwingi. Atakuonyesha bilauri. Wa miaka tisa atakucheka. Umeshakumbuka kuwa mtoto wa miaka 2 hadi 7 bado hajui kwamba kiasi hakibadiliki kwa kubadilisha chombo, na kwamba kati ya 7 na 11 analijua hilo, mradi vitu anaviona. Hatua ya mwanzo, tangu kuzaliwa hadi miaka 2, ifiche simu chini ya kanga uone kama mtoto ataitafuta. Ya mwisho, kuanzia karibu miaka 11, ni ya kufikiri yasiyoonekana. Mtoto anayemwita mbuzi "mbwa" ameingiza kitu kipya kwenye droo ya zamani. Akiambiwa ni mbuzi na kuanza kutenga, ametengeneza droo mpya. Hao nao ni mapacha wa kuangaliwa.

Mary Ainsworth ana historia ambayo vitabu vingi huipita kwa sentensi moja, na kwetu ina uzito. Kabla ya utafiti wake maarufu wa Baltimore, aliishi Uganda miaka ya 1954 na 1955, akazitembelea familia 26 za Kiganda katika vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia watoto wachanga na mama zao majumbani. Kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka 1967. Wazo la mama kuwa kituo salama, mtoto anatoka kuchunguza kisha anarudi, alikuwa amelitazama kwa macho yake uani kwa Waganda. Kwa mtihani, shika hili: kwenye jaribio lake la Baltimore, ambapo mama humwacha mtoto kwa muda mfupi kisha hurudi, aina ya mshikamano wa mtoto na mama huamuliwa hasa na mtoto anavyompokea mama anaporudi, si kama alilia alipoondoka. Mwenye mshikamano salama anaweza kulia sana. Lakini mama akirudi anamkimbilia na kutulia. Anayeepuka hujifanya hamwoni. Mwenye mashaka humng'ang'ania huku akimsukuma.

Hatua ya 9: Jamii, haiba na matatizo ya akili

Solomon Asch na Stanley Milgram huchanganywa kila mwaka. Kwa Asch, mwanzoni mwa miaka ya 1950, hakuna aliyeamrisha. Wenzako wanasema mstari mfupi ni mrefu, nawe unafuata mkumbo. Kwa Milgram, aliyefanya kazi yake chuo kikuu cha Yale, kuna mwenye koti la maabara anayesema endelea kumpiga mwenzako umeme. Katika jaribio lake la kwanza kuchapishwa, mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 waliendelea hadi volti 450, ingawa aliyekuwa "akipigwa umeme" alikuwa anaigiza. Mkumbo hutoka kwa walio sawa nawe. Utii huelekea juu.

Kosa la kumhukumu mtu badala ya mazingira liko kwenye kila daladala. Dereva mwingine akichomekea, hana adabu. Dereva wetu akichomekea, tumechelewa.

Kwa Sigmund Freud, zana za kujikinga ndizo hutoka zaidi. Baba kafokewa kazini, nyumbani anawafokea watoto: amehamisha hasira. "Sizitaki mbichi hizi" ya sungura ni kujitafutia sababu. "Nyani haoni kundule" inakaribia kutupia wengine kasoro yako, lakini kwa Freud haitoshi kutoiona yako; ni lazima uibandike kwa mwenzio. Tofauti ndogo kama hiyo ndiyo inayotungiwa swali.

Matatizo ya akili yapitie kwa vigezo. Skizofrenia si kuwa na nafsi mbili. Ni njozi (kuona au kusikia yasiyokuwepo), imani potofu, na mawazo yaliyotawanyika. Sonona si huzuni ya siku mbili. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataka dalili tano kati ya tisa, kwa wiki mbili au zaidi, na mojawapo iwe huzuni au kupoteza hamu. Na tafadhali, ukimaliza mada hii usianze kuwapa majirani majina ya magonjwa. Wote tumepitia wiki hiyo, na ndugu zetu wametuvumilia.

Hatua ya 10: Jibu kisa kwa mpangilio

Maswali mengi ya mwaka wa kwanza ni visa. Funika majibu ya A hadi D kwa kiganja. Soma kisa, kisha sema moyoni jina la dhana na kwa nini si pacha wake. Ndipo ufunue. Ukifunua kwanza, jibu linalosikika kitaalamu zaidi litakuvuta.

Kwenye insha fuata mstari huu: taja dhana, ieleze kwa sentensi moja, tia jaribio na mwaka wake, tia mfano wako kutoka safu ya tatu, kisha taja pacha na mpaka kati yao. Mfano wa LUKU utamfanya msahihishaji aliyechoka na mbwa wa Pavlov ainue kichwa.

Siku moja kabla ya mtihani chukua karatasi tupu na urudie zoezi la siku ya kwanza, dakika 40, daftari limefungwa. Iweke pembeni ya karatasi ile ya zamani. Palipobaki mistari miwili, pitia hapo tu. Saa nne usiku funga daftari, ulale.